Kaiti na mwani: ugomvi wenyewe bado haujafika

Kila mwaka upepo wa kusi unapokwisha kujikita, kati ya Juni na Septemba, anga la Paje, mashariki mwa Unguja, hujaa kaiti, yaani tiara kubwa za rangi zinazowavuta watu juu ya maji, na kila mwaka picha ya aina moja hurudi kwenye simu zetu. Mbele wapo kina mama walioinama kwenye mashamba ya mwani, nguo zimelowa hadi kiunoni. Nyuma yao kaiti kumi au ishirini zimetanda. Picha hiyo huzaa hukumu mbili zisizokutana. Wapo wanaosema huo ndio ushahidi kwamba utalii umewapora wanyonge bahari yao, na wapo wanaosema hayo ndiyo maendeleo, kwamba pwani iliyokuwa ikitoa mwani wa bei ya kutupa sasa inawapa vijana kazi. Naona pande zote mbili zinaisoma picha vibaya, kwa sababu zote zinadhani ugomvi unaoonekana pale ndio ugomvi wenyewe. Kaiti haikuufukuza mwani Paje, na hadi leo shughuli hizi mbili zimegongana kidogo kuliko tunavyoambiana. Mgongano wa kweli uko mbele yetu, siku mwani utakapohamia maji ya kina, ambako wataalamu na Serikali wanauhimiza uende, na kuikuta kaiti imeshatangulia.

Ili hoja hii ieleweke ni lazima tuanze na pwani yenyewe. Paje, Jambiani na Bwejuu zinatazama mashariki. Mwamba umejenga ukuta kilomita moja na zaidi kutoka ufukweni, mawimbi ya bahari kuu huvunjika huko nje, na ndani hubaki maji tambarare juu ya mchanga mweupe. Kusi hutoka kusini mashariki. Kaskazi, inayovuma kuanzia Disemba hadi Machi, hutoka kaskazini mashariki. Pepo zote mbili kwa hiyo huipiga pwani hii kwa mshazari na humrudisha mtu nchi kavu. Nahodha yeyote wa ngalawa ataelewa mara moja: anayeshindwa hapa hupelekwa upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, na demani ni ufukwe. Kusi hilohilo, ukilikuta Kendwa au Mji Mkongwe, hutoka nchi kavu na kumsukuma mtu kuelekea mkondo wa bara. Hiyo ndiyo sababu kaiti zimerundikana mashariki mwa Unguja. Mwekezaji anaweza kuhamisha hoteli yake popote apendapo, lakini hawezi kuhamisha mwamba wala upepo, na jambo hilo tutalihitaji tutakapofika kwenye suala la nani anaweza kuambiwa asogee.

Mchezo wenyewe si wa zamani. Ubao wenye tanga, ule ambao mchezaji husimama juu yake na kulishika tanga kwa mikono miwili, ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1960 na kuingia kwenye Olimpiki mwaka 1984, huko Los Angeles. Mwaka huohuo ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza ya tiara yenye mirija inayojazwa upepo, ambayo ikianguka majini haizami na inaweza kurushwa tena bila mtu kurudi ufukweni. Tiara hiyo ndiyo mzazi wa kaiti tunazoziona leo. Tofauti ya vyombo hivi viwili si ya mwonekano tu. Mwenye ubao wa tanga akianguka, kila kitu huangukia pale alipo, na eneo analohitaji halizidi la mtu mwenye dau dogo. Kaiti huruka mita 20 hadi 24 kutoka kwa mwenyewe, na ikianguka, kamba zake nne au tano, nyembamba kama mshipi wa kuvulia, hufagia sehemu yote iliyo katikati. Mtu mmoja mwenye kaiti anakalia nafasi ya watu kumi, hata kama mwili wake hauchukui zaidi ya urefu wa ubao. Anayetaka kuelewa kwa nini wavuvi wa mashariki hawakulalamikia sana mbao za tanga lakini wanailalamikia kaiti, aanze na hesabu ya kamba hizo.

Mwani nao una tarehe yake, ingawa tunauzungumzia kana kwamba umerithiwa kutoka kwa mababu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mama alihitaji vigingi, kamba, nyuzi za taitai za kufungia mbegu na wiki sita za kungoja. Bahari ilimpa shamba bila hati, na kwa mara ya kwanza wanawake wengi wa pwani hiyo wakashika fedha yao wenyewe. Leo wakulima wa mwani Zanzibar wanahesabiwa kuwa zaidi ya 20,000, na wengi wao sana ni wanawake. Ada za skuli, mabati, vitanda vya harusi, vyote vimetoka kwenye zile kamba. Nayasema haya kwa sababu wapo wanaoudharau mwani kwa kuitazama bei ya kilo tu, wakasahau kwamba fedha yenyewe ilikuwa ya mama, mkononi mwake, bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa tutazame saa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Zanzibar hupanda na kushuka karibu mita nne, na kwenye pwani yetu hutokea kwamba kupwa kubwa huangukia kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kukaangukia alasiri, kiasi cha saa kumi. Mama wa mwani hutoka nyumbani saa mbili au saa tatu, hufuata maji yanaporudi nyuma, hufanya kazi mpaka yanapomgeuka, kisha hurudi na mzigo wake kabla ya adhuhuri au baada yake kidogo. Katika saa hizo mwenye kaiti hawezi kufanya lolote. Chini yake kuna mchanga mtupu, majani ya bahari na urumbi wenye miiba wa kukanyaga. Yeye huanza maji yanapomfikia mtu kiunoni, na kwa bahati yake kusi nalo huwa limeshapata nguvu mchana huo. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hayashuki vya kutosha, kina mama wengi hubaki nyumbani wakifunga mbegu au kuanika, na kaiti huweza kuruka tangu asubuhi. Kwa maneno mengine bahari yenyewe imewapangia zamu. Picha ile ya kina mama chini na kaiti juu ni ya kweli, lakini ni ya saa moja au saa moja na nusu tu kwa siku, na kwa siku chache za mwezi. Wapiga picha huipenda kwa sababu ni saa adimu.

Ikiwa hivyo ndivyo, nini kiliuharibu mwani wa mashariki? Jibu linajulikana na limeandikwa kwa miaka mingi na wataalamu wetu, akiwamo Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, aliyeutumia umri wake wa kazi kwa zao hili. Aina ya mwani yenye bei nzuri, ambayo wakulima huiita kotonii, haivumilii joto. Maji yakipita nyuzi 30 kwa muda, huanza kupauka, kulainika na kukatika, na mimea midogo huota juu yake kama utando. Kwenye maji mepesi, yasiyo na kina, ya mashariki, jua la kaskazi linapowaka juu ya kupwa, joto hupita kiwango hicho bila shida. Kotonii ikafa karibu kote Unguja. Ikabaki spinosamu, ngumu zaidi lakini bei yake ni ya shilingi za kuhesabu kwa kilo ya mwani mkavu, na kilo hiyo moja hutokana na kilo saba au zaidi za mwani mbichi uliobebwa kichwani. Kina mama wengi wa Paje waliacha baada ya kupiga hesabu hiyo na kuona haijibu. Kaiti iliikuta nafasi imeshaanza kuwa tupu.

Upande wa watetezi wa kaiti una hoja nzuri, na itakuwa uonevu kuzipita. Mchezo huu hautumii mafuta, hauna kelele ya injini, hauhitaji gati wala kukata mikoko. Mgeni wa kaiti hakai siku mbili na kuondoka. Akija kujifunza huhitaji siku kadhaa za masomo, na akiwa ameshajua huja kwa wiki mbili akiusubiri upepo, akila na kulala kijijini. Vijana wa Paje na Jambiani ambao hawakufaulu mitihani ya kidato cha nne wamekuwa walimu wenye vyeti vinavyotambulika kimataifa, na baadhi yao husafiri kwenda kufundisha nchi nyingine kusi linapolala. Katika visiwa ambavyo utalii ni zaidi ya robo ya pato lote, na ambavyo mwaka 2024 vilipokea wageni zaidi ya 700,000, si jambo dogo kuwa na aina ya utalii ambayo mtoto wa mvuvi anaweza kuwa mwalimu ndani yake badala ya kuwa mbeba mizigo.

Lakini upande huo pia una hoja mbili ambazo ni dhaifu mno na zinarudiwa mno. Ya kwanza ni kwamba kaiti huziba pengo la msimu wa wageni. Haizibi. Kusi linavuma miezi ileile ambayo Wazungu wako likizo ya kiangazi, na kaskazi inavuma miezi ileile wanayoikimbia baridi yao. Pengo letu ni masika, Aprili na Mei, wakati pepo zinabadilishana zamu na anga limejaa mvua. Miezi hiyo kaiti hukunjwa na kuwekwa stoo kama vitanda vya ufukweni. Mchezo unaongeza wageni juu ya msimu ambao tayari umejaa, na maana yake ni kwamba shinikizo lote juu ya maji, maji ya kunywa yakiwamo, huangukia miezi ileile. Ya pili ni Olimpiki. Tangu mchezo wa kaiti ulipoingia kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, nimesikia mara nyingi kwamba kwa upepo tulionao medali ni suala la muda. Mbio zile zilifanyika Marseille, ambako upepo ulikuwa haba kiasi cha kuvuruga ratiba, na dhahabu ya wanaume ilichukuliwa na Valentin Bontus wa Austria. Austria haina bahari. Aliyeipata shaba ni kijana wa Singapore, Max Maeder, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 18. Medali ile hupatikana kwa makocha, safari za mashindano tangu utotoni na vifaa ambavyo seti moja mpya hupita dola 2,000 kwa mbali. Kuuweka upepo wetu mbele kama hoja ya Olimpiki ni sawa na kusema kwamba kila aliyezaliwa karibu na mlima atakuwa bingwa wa kupanda milima. Sikatai vijana wetu kushindana. Nakataa ndoto hiyo kutumika kufunga midomo ya watu wanaouliza maswali kuhusu maji yao.

Wapinzani nao wana hoja nzito na nyepesi. Nyepesi kuliko zote ni ile ya mavazi: kwamba kaiti imeleta uchi ufukweni. Anayesema hivyo hajamtazama mtu wa kaiti kwa makini. Jua na chumvi humlazimisha avae fulana ya mikono mirefu inayobana, mkanda mpana wa kiunoni wenye ndoano, mara nyingine na kofia ngumu. Miongoni mwa wageni wote wa ufukweni huyu ndiye aliyejifunika zaidi. Tatizo la mavazi lipo, ila ni la vijijini na barabarani, na halihusiani na upepo. Hoja nzito ni nyingine. Fedha ya kaiti huingia kwa wachache: mwenye kituo cha kaiti, aghalabu si mzaliwa, mwalimu, mpishi, dereva wa teksi. Mama wa mwani hana mahali pa kuingilia katika mnyororo huo. Kijana wake anaweza kuwa mwalimu, ndiyo, lakini fedha ya kijana si fedha ya mama, na mwanamke aliyezoea kuwa na yake anaijua tofauti hiyo vizuri kuliko mchumi yeyote. Hoja hii siwezi kuipinga, wala sijasikia aliyeipinga. Hata hivyo inazungumzia mgawanyo wa kipato, na mgawanyo haurekebishwi kwa kufukuza kaiti kumi kutoka kwenye maji ambayo mwani umeshaondoka.

Nafika sasa kwenye kauli ambayo pande zote huitumia bila kuipima: bahari haina mwenyewe. Mwenye kituo cha kaiti huitumia kumaanisha kwamba hahitaji kumwomba mtu ruhusa. Ofisa huitumia kumaanisha kwamba mwenyewe ni Serikali. Wote wawili wanakosea kuhusu namna watu wa pwani wanavyoishi. Mama wa Jambiani anajua kigingi cha mwisho cha shamba lake na cha kwanza cha jirani yake, hata kama vyote viko chini ya maji. Wavuvi wa dago wakija kutoka kijiji kingine hupiga hodi kwa bwana diko, msimamizi wa mahali vyombo vinapofikia, na kwa sheha, kiongozi wa shehia, kabla ya kupanga vyombo vyao. Kisiwa Panza, huko Pemba, wanakijiji wamekubaliana kulifunga eneo la pweza kwa miezi, kisha kulifungua kwa siku maalumu, na mwenye kuvunja makubaliano hajifichi nyuma ya methali. Haki hizi hazimo kwenye ramani ya wizara, lakini zipo, na zina utaratibu wa kupewa, kuazimwa na kupotezwa. Udhaifu wake ni mmoja tu: shamba la mwani likiachwa kwa misimu michache, alama zake huoza, na kwa macho ya mgeni huwa ni mchanga kama mchanga mwingine. Hapo ndipo kaiti ilipoingia, kwa nia njema mara nyingi, katika mashamba yaliyokuwa yamelala. Na hapo ndipo naanza kuwa na hofu na miaka ijayo.

Ushauri unaotolewa kwa mkulima wa mwani leo, na ni ushauri sahihi kisayansi, ni kwamba atoke kwenye maji mepesi yenye joto na aende kwenye kina, atumie maboya na nyavu za mirija badala ya vigingi, apande mbegu mahali ambapo maji hayakauki hata kwenye bamvua. Tangu Dk. Hussein Mwinyi alipoingia madarakani mwaka 2020 na kuunda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, mwani umewekwa miongoni mwa mazao ya kupigiwa mfano, na Serikali imegawa boti kwa wakulima ili wafike huko. Wakati huohuo kaiti nayo imebadilika. Wachezaji wa sasa wanapenda mbao zenye bawa refu chini yake, ambazo huinuka juu ya maji na kwenda hata kwa upepo mdogo, lakini ambazo haziwezi kutumika kwenye maji ya kiunoni kwa sababu bawa litagonga chini. Wengine wameacha kamba kabisa na kushika bawa la hewa mikononi. Wote hao wanahitaji kina. Ukiichora pwani ya mashariki kwenye karatasi utaona kwamba maji ya kina yaliyo ndani ya mwamba ni ukanda mwembamba, na ngalawa za wavuvi hupita humohumo kwenda kwenye mlango wa mwamba. Zamu ya kupwa na kujaa, ambayo imetulinda kwa zaidi ya miaka kumi bila sisi kujua, haifanyi kazi huko. Boya la mwani litakuwapo saa zote, na boti ya mama itakuwa juu ya maji saa ileile kaiti inapokuwa juu ya maji. Hapo wanawake ambao wengi wao hawajui kuogelea, kwenye boti zilizosheheni mwani mbichi, watakuwa kwenye ukanda mmoja na watu wanaokwenda kasi ya pikipiki.

Dalili ya namna mambo yatakavyokuwa tunaweza kuiona tayari, katika ile saa moja ya makutano niliyoitaja. Siku moja ya bamvua, mwezi wa Agosti, nilisimama Jambiani maji yakianza kurudi. Mama mmoja alikuwa anatoka, kiroba cha mwani mbichi kinaelea nyuma yake kwa kamba aliyoifunga kiunoni, kwa sababu maji yakiwa ya mapaja ni rahisi kuvuta kuliko kubeba. Mbele yake mwanafunzi wa kaiti alikuwa kwenye somo lake la kwanza au la pili. Wanaoanza huhitaji maji ya kina hicho hicho, ya kusimama. Kaiti ikayumba na kulala juu ya maji, na kamba zake zikatua juu ya kiroba na bega la yule mama. Mwalimu, kijana wa hapohapo, akaja mbio akipiga kelele, “Samahani sana, bi mkubwa, usiivute!” Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu kamba ile ikikazwa na upepo inakata nyama. Mama hakuivuta. Aliinua kamba moja baada ya nyingine kwa vidole viwili, akapita chini yake kama mtu anayepita chini ya kamba ya kuanikia nguo, kisha akamwambia mwalimu, “Huyu mgeni hana kosa, hajui kama hapa ni shamba. Wewe unajua.” Kijana akainamisha kichwa.

Kauli ile imenifundisha zaidi ya semina nyingi. Mchezo wa kaiti umejaa sheria. Anayeingia majini ana haki kabla ya anayetoka. Wawili wakikutana uso kwa uso, aliyetanguliza mkono wa kulia huendelea na mwenzake humpisha. Aliye upande wa goshini, yaani upepo unakotoka, huinua kaiti juu na aliye demani huishusha chini. Watu wa kaiti huzijua sheria hizi kabla hawajajua kusimama kwenye ubao, na huzifuata Brazil kama wanavyozifuata Paje. Hakuna hata moja inayomtaja mama mwenye kiroba. Siyo kwa dharau. Sheria hizo zilitungwa kwenye fukwe ambazo hakuna anayelima ndani ya maji. Kwa hiyo ni juu yetu kuziongezea, na mtu aliyezoea kufuata sheria kumi hatashindwa na ya kumi na moja. Tarifa, kusini mwa Uhispania, ni mji unaoishi kwa upepo kuliko Paje, na bado una fukwe ambazo kaiti haziruhusiwi wakati wa kiangazi waogeleaji wanapojaa. Hakuna aliyesema Tarifa inachukia wageni, na wageni hawajaacha kwenda.

Sheria hizo za nyongeza zingekuwaje? Nadhani si nyingi. Somo la wanaoanza lisianze kwenye saa ya kutoka mashambani siku za bamvua. Ni nusu saa au zaidi kidogo ya kungoja, na jedwali la maji hujulikana mwaka mzima kabla. Maji ya kina yagawanywe kwa alama sasa hivi, kabla boti za mwani hazijawa nyingi: ukanda wa mwani upande wa goshini wa ukanda wa kaiti, kwa kusi na kwa kaskazi, ili kaiti iliyokatika isichukuliwe na upepo kwenda juu ya wakulima. Mgao wa aina hiyo hauwezi kuchorwa ofisini Mjini, kwa sababu pepo mbili zina goshi mbili, na aliyewahi kubisha na ngalawa, yaani kuipeleka kwa mshazari dhidi ya upepo, ndani ya maji yale ndiye anayejua mahali pa kuhamisha alama kila msimu. Na ada ambayo vituo hulipa kila mwaka, sehemu yake ibaki kwenye shehia kwa ajili ya jambo moja ambalo halina mabishano, nalo ni kuwafundisha kina mama na watoto wao wa kike kuogelea. Vituo vina walimu, vina jaketi za kuelea na vina miezi miwili ya masika bila kazi. Sioni sababu ya kungoja mfadhili.

Wenye vituo watasema masharti yatawahamishia wageni wao pwani nyingine. Hii ni hoja ninayoiheshimu kwa hoteli, lakini siyo kwa kaiti. Nimeshasema: mwamba na upepo havihamishiki. Anayetaka maji tambarare, ya mchanga, yenye pepo mbili kwa mwaka na zote mbili zikimrudisha ufukweni, hana pwani nyingi za kuchagua katika Afrika Mashariki. Sisi ndio wenye nguvu katika mazungumzo haya, na cha ajabu ni kwamba tunajadiliana kana kwamba sisi ndio tunaoomba.

Pemba ni suala jingine, na kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi. Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar sasa hutoka huko, na Pemba ndiyo inayotangazwa kama eneo jipya la wawekezaji. Pwani yake si kama ya Unguja; ina mikoko mingi, ghuba nyembamba na fukwe ndefu chache, kwa hiyo mahali panapofaa kaiti ni pachache, na pachache hapo si ajabu pakawa mbele ya kijiji chenye mashamba ya mwani yaliyo hai, yasiyoachwa hata msimu mmoja. Paje mwani ulikuwa umeshaanza kuondoka kaiti ilipofika. Kaskazini mwa Pemba, Micheweni na Tumbe, kaiti itaukuta mwani nyumbani kwake. Wanaoitumia Paje kama ushahidi kwamba shughuli hizi mbili huishi pamoja bila shida wanatumia mfano ambao mmoja wa wahusika alikuwa amekwisha dhoofika. Pemba inafaa iweke alama zake kabla vituo vya kaiti havijaenea, mashamba yakiwa bado yana vigingi vya kuonyesha mipaka, kwa sababu baada ya hapo itabidi zipimwe kwa kumbukumbu za wazee.

Vifaa vya kazi hiyo havina gharama ya kuzungumzia. Wavuvi wetu huonyesha madema yao kwa dumu tupu la mafuta ya kupikia, kamba na jiwe, na dumu hilo hilo linaweza kuonyesha mpaka wa shamba. Kinachokosekana ni kikao cha kuamua madumu yatiwe wapi: sheha, bwana diko, wenye vituo, wavuvi, na kina mama wa mwani wawe wengi kuliko wote. Kikao hicho kiitishwe siku za maji mafu, maana siku za bamvua kina mama watakuwa majini, na sisi wengine tutaishia kuamua bila wao.